Kaburi la Salimu na Nyumba ya Babu Yako

Idodomya, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Zaina,

Salamu zangu zikukute umeketi. Barua hii nataka uisome ukiwa umetulia. Usiisome ndani ya gari la moshi, maana humo kila kitu hutikisika, wala usiisome mbele ya mawifi zako wa Tabora, ambao watataka kujua baba yako kaandika nini. Herufi hizi nilikufundisha mwenyewe kwa mkaa ukutani, mama yako akatugombeza sote wawili. Basi zisome mwenyewe. Mumeo Mrisho akitaka kusikia, msomee yale utakayopenda.

Sikuandikii habari za kupika, wala za kumwamkia mama mkwe. Hayo shangazi zako wanayasema tangu asubuhi, na hata sasa wako uani wanayasema, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mimi nimekimbilia chumba cha mwisho, kile ambacho mpangaji wake amehama. Kinanuka tumbaku na hakina kiti. Nimekalia debe, ubao nimeupakata.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako. Juzi tulipokuwa tunapigilia bati lililong'olewa na upepo, wewe ukinishikia ngazi, uliniuliza, "Baba, yule Bwana wa vigingi akirudi leo, utamjibu nini?" Nikakuambia, "Nipe msumari." Ukanipa, na hukuuliza tena. Toka hapo nimelizungusha swali lako kichwani mpaka nimechoka. Jibu sijalipata. Nilichonacho ni habari yenyewe, na wewe unaijua nusu tu, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Nitakueleza yote, tuone kama jibu litatokea njiani.

Unajua kwamba mimi ni mtu wa milimani, Kondoa. Nilishuka huku kijana, nikiwa mpagazi wa msafara wa wafanyabiashara, kabla reli haijafikiriwa na mtu yeyote ninayemjua. Mguu wangu wa kulia ulivimba njiani. Tulipofika kwenye visima vya hapa nilishindwa kusimama, msafara ukaniacha na kibuyu cha maji na maneno mazuri. Sikuwalaumu. Mzigo wangu walimgawia mtu mwingine wakaenda zao.

Nililala pale kando ya kisima mpaka ng'ombe wakaja kunywa. Mchungaji wao alikuwa mtu mzima, mrefu, masikio yametobolewa na kuninginia. Alinitazama, kisha akamuuliza mwenzake kwa Kigogo, "Huyu amekufa?"

Kigogo nilikijua kidogo. Nikamwambia, "Sijafa."

"Basi sogea, ng'ombe wanywe."

Huyo ndiye Ndahani, babu yako. Ng'ombe walipomaliza kunywa alinibeba mgongoni kama ndama, akanilaza ndani ya tembe lake, upande wa mbuzi. Mama yako Nyemo alikuwa binti mkubwa wakati huo. Alinikanda mguu kwa majani ambayo mpaka leo hataki kuniambia jina lake. Nilikula ugali wao wa uwele kwa mlenda, nikapona. Kwetu sikurudi. Sikuwahi kukaa chini nikaamua kwamba sitarudi. Kila asubuhi kulikuwa na kazi ya kumalizia, na siku zikaenda hivyo.

Kujenga nilijifunza kwa Ndahani. Alinionyesha mti usioliwa na mchwa, jinsi ya kupanga fito juu ya nguzo na kutandika majani juu yake, kisha kumwaga udongo na kuukanyaga mpaka dari iwe ngumu kama sakafu, mtu aweze kuanika mtama juu yake. Mimi nilikuwa nikiitazama misafara inayopita. Watu walilala nje, fisi wakiwazunguka, na asubuhi wanaamka wakihesabiana. Siku moja nikamwambia Ndahani kwamba nataka kujenga tembe refu lenye milango mingi, kila mlango na jiko lake, wageni walale humo.

Akaniambia, "Wageni huja na kwenda. Utawajengea watu wanaokwenda?"

"Wakienda hawa, watakuja wengine."

"Kwa hiyo utakaa hapa unangoja watu usiowajua."

"Ndiyo, baba."

"Kazi ya ajabu," akasema. Kisha akatembea hatua chache kutoka kwake, akachora udongo kwa fimbo. "Jenga hapa. Ila usizibe njia ya ng'ombe."

Hakunidai chochote, Zaina. Ardhi yenyewe haikuwa na bei wakati ule. Ilikuwa na watu tu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Watu wananiita Bwana Nyumba, nao huniuliza nilianzaje, kana kwamba nina dawa. Nilianza kwa sababu mguu ulivimba na mzee mmoja hakuwa na haraka. Tembe lilijaa. Nikaongeza milango. Waliishi humo wapagazi wa Kinyamwezi, mafundi kutoka pwani, wanawake waliokuwa wakipika pombe ya mtama na kupigana baada ya kuionja. Nikamwoa mama yako, na babu yako akaniambia maneno mafupi tu: "Umeshakula kwetu muda mrefu. Afadhali uwe wa kwetu."

Halafu akazaliwa Salimu, kaka yako. Habari zake huwa sizisemi, na mama yako pia hasemi, kwa hiyo wewe unajua jina na rundo la mawe tu. Alikuwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, mwepesi wa kucheka. Nilimchukua kazini, nikamweka kwenye beseni la mbao nikipiga lipu, akawa anakula udongo kwa siri. Homa ilimkuta akiwa bado hajatamka neno la kueleweka. Ndahani na mimi tulichimba kaburi nyuma ya tembe la wapangaji. Yeye si Mwislamu, lakini aliniuliza kichwa kinaelekea wapi, akachimba kama nilivyomwonyesha. Mawe aliyaleta mwenyewe kutoka mlimani. Wewe ulizaliwa baadaye, na mama yako alikataa kukutoa nje mpaka watu wakadhani tunakuficha.

Sasa nafika penyewe.

Wewe ulikuwa bado mtoto, umeanza tu kuteka maji, Bwana Mdachi alipokuja na darubini ya miguu mitatu, na watu wa kuvuta mnyororo, na mzigo wa vigingi vilivyopakwa chokaa. Tulikwisha kusikia kwamba reli inakuja. Yeye alikuja kuchora barabara ya kutoka stesheni, maana mji ulitakiwa kunyooka. Mstari wake ulikuja moja kwa moja kuelekea kwetu. Nilisimama na Ndahani tukivitazama vigingi vinavyopigwa, kimoja baada ya kingine, mpaka nikaona kinachofuata kitapigwa wapi.

Kingepigwa juu ya Salimu.

Nilitembea nikasimama juu ya mawe. Mkalimani, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, akaja kuniambia niondoke. Bwana akainua kichwa kutoka kwenye darubini yake, akasema neno. Mkalimani akageuza: "Bwana anauliza, hapo pana kitu?"

"Pana kaburi."

"La nani?"

"La mwanangu."

Mkalimani alimweleza. Nilitegemea kiboko, nakwambia kweli. Lakini yule Mdachi alivua kofia. Alisimama hivyo kidogo, jua likimchoma kichwani, kisha akairudia darubini yake na kuisogeza. Watu wa mnyororo wakasogea. Mstari ukasogea. Nikashusha pumzi, nikageuka nimwambie Ndahani, nikamkuta ametazama upande mwingine. Mstari mpya ulipita katikati ya tembe lake.

Nikakimbia kwa mkalimani. "Mwambie Bwana, hapo ni nyumbani kwa mkwe wangu! Watu wanaishi!"

Wakasemezana. Akarudi. "Bwana anasema nyumba hujengwa tena. Kaburi halijengwi tena. Anasema amekufanyia hisani."

Ndahani akaniuliza kwa Kigogo, "Anasemaje?"

Sasa nami nilipaswa kugeuza maneno. Nilimgeuzia neno kwa neno, sikupunguza. Akatikisa kichwa polepole.

"Amesema kweli," akasema, akaenda kuwafungulia ng'ombe.

Tangu siku ile nimejaribu kuielewa sauti aliyoitumia. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hakika kwamba alinisamehe papo hapo. Kuna asubuhi nyingine nasikia kwamba alikuwa ananiaga.

Jioni ile mama yako alikuwa anasaga. Hakuinua uso. Akaniuliza, "Nani alikutuma useme?"

"Ulitaka barabara ipite juu ya Salimu? Mikokoteni? Askari?"

"Salimu amelala," akasema. "Baba anatembea. Anayetembea ndiye anayehitaji mlango."

"Nyemo, ni mtoto wetu."

"Najua ni mtoto wetu. Mimi ndiye niliyemzaa. Nawe ulimtoa mdomoni ukampa Mdachi, akakupa nyumba ya baba yangu."

Nilikuwa nimetegemea shukrani, Zaina. Nilikuja nyumbani nikifikiri mama yako atalia na kunishika mikono.

Na kuna jambo jingine, ambalo labda ndilo ulilokuwa unaliuliza pale kwenye ngazi. Mstari ule wa kwanza usingepita juu ya kaburi peke yake. Ungekata na ncha ya tembe langu la wapangaji, milango ya upande wa mashariki, ile iliyokuwa inajaa kwanza. Mstari uliposogea, milango yangu ikapona. Mjini watu waliliona hilo mapema. Walisema, "Issa ana akili. Ameliweka kaburi mbele ya nyumba kama ngao." Walisema kwa kunisifu, na ndiyo maana ikaniuma zaidi. Naapa niliona kaburi kwanza. Nilipotembea kwenda kusimama juu ya mawe sikuwa nafikiri mlango wala mpangaji. Lakini nyumba zile nilizijenga kwa mikono yangu. Nilijua mahali pa kila nguzo hata nikifumba macho. Je, mtu anaweza kutojua? Jicho huona vitu vingi kwa wakati mmoja na halimwambii mwenyewe kipi kilichomsukuma. Nimetafuta kosa langu kama mtu anayetafuta mahali paa linapovuja. Unaona maji sakafuni, unapanda juu, unakuta pakavu.

Tembe la babu yako lilibomolewa kabla ya mvua. Hakungoja wabomoaji. Aliivuta nguzo ya kwanza mwenyewe, akachagua miti iliyo mizima, akaifunga, akaondoka na ng'ombe wake kuelekea Nzuguni. Mama yako alimfuata, akakuchukua na wewe. Mimi nilibaki na wapangaji.

Unakumbuka kwamba nilikuwa nakuja Nzuguni? Mama yako anasema hukumbuki. Mara ya kwanza nilituma watu badala ya kwenda mwenyewe. Nilituma mafundi wa matofali niliowatoa Buigiri, wakiwa na maneno yangu kwamba wamjengee mzee nyumba nzuri yenye bati. Walirudi siku ileile. Alikuwa amewapa maziwa, akawashukuru, akawaambia hakuna kazi. Nilikasirika. Nikasema, mzee huyu anataka nini zaidi? Hapa mjini nikajenga nyumba nyingine kwa jina lake, ya kwanza kwenye barabara mpya, nikaiacha wazi nikimngojea. Hakuja. Buibui wakaingia, mwishowe nikamweka Mhindi wa duka.

Hapo kosa nalijua, na hili nakuambia bila kusita. Nilichelewa kwenda. Nilipokwenda mwenyewe nilimkuta Ndahani anakanyaga udongo peke yake, miguu yake mikavu imezama hadi kwenye kifundo. Nilikuwa nimevaa kanzu. Nilimwamkia, "Mbukwenyi, baba." Akaitikia. Nikatayarisha hotuba niliyoitunga njia nzima. Akaniangalia kanzu, akasema, "Shika jembe. Maji yako pale."

Nikavua kanzu. Tulifanya kazi mpaka jua likashuka, na maneno tuliyosema ni "leta", "ongeza", "hapa", "basi". Nilikwenda tena kesho yake, na tena, mpaka paa likafungwa. Hotuba yangu sijaisema mpaka leo, na nimeisahau nusu. Huenda haikuwa nzuri. Ila ningeenda mwanzoni kabisa, siku ya kwanza, badala ya kutuma matofali, naona mengine yangekuwa mepesi. Nasema "naona". Sina hakika hata na hilo. Labda siku ya kwanza angenifukuza.

Mama yako alirudi asubuhi moja baada ya mavuno, chungu kichwani, kuku kwapani, wewe nyuma yake umebeba mtwangio mrefu kukuzidi. Alifagia uwanja. Hakusema amerudi, wala mimi sikusema karibu, niliogopa kuharibu. Baada ya muda mrefu sana nilithubutu kumuuliza kilichomrudisha. Akanijibu, "Nilikuja kulitazama kaburi, nikakuta hujala." Hilo ndilo jibu nililopewa, na nimeishi nalo.

Toka hapo umeona mwenyewe. Reli ilifika, watu wakamiminika, na mimi nikajenga. Nyumba za matofali, nyumba za bati, maduka yenye baraza, vyumba vya mafundi wa reli. Kimojawapo akapanga Mrisho. Alikuwa akija kila mara kuniambia, "Bwana Issa, paa linavuja." Nilipanda juu ya paa lile mpaka majirani wakanicheka, na wakati huo haikuwa hata masika. Mama yako ndiye aliyenifumbua macho: "Huyo paa lake halivuji. Anamtafuta Zaina." Mtu aliyejenga mji mzima hakuona jambo lililokuwa mlangoni kwake! Basi usinitegemee sana kwa mashauri, mwanangu. Nakupa niliyoyaona tu.

Nilikua nikidhani kwamba mtu akisema kweli, mambo hunyooka. Siku ile nilisema kweli tupu, maneno machache, na kweli ile ilimwangukia mtu aliyekuwa amesimama kimya kando yangu, ambaye alinibeba mgongoni nikiwa siwezi kutembea. Nifanyeje na jambo kama hilo? Siwezi kukuambia usiseme kweli. Siwezi kukuambia nyamaza kwanza utazame itaangukia wapi, kwa sababu kigingi kilikuwa hewani na nyundo imeinuliwa. Kama ningenyamaza, ningekuwa leo nakuandikia barua nyingine, ya baba aliyeacha mikokoteni ipite juu ya mwanawe, na wewe ungekuwa umeniuliza swali lingine pale kwenye ngazi.

Huko Tabora mtagombana, wewe na Mrisho. Kuna ugomvi utakaokuwa na mwenye kosa, huo hauna shida, ataomba radhi. Ugomvi ninaouogopa ni ule ambao kila mmoja amefanya alivyoweza na bado mmoja amepoteza nyumba. Ukifika huo, usitume mtu. Nenda mwenyewe, hata kama huna la kusema, na uvae nguo ya kazi.

Na mama yako, nimeona nikuambie, amebadilika. Wiki hii alikuwa analifagia kaburi, nikasimama mbali. Akaongea bila kugeuka: "Lingepita gari hapa, nisingekaa mji huu." Nikamwambia, "Lakini ulisema..." Akanikata: "Nilichosema nilikisema." Sasa nifuate lipi, la zamani au la sasa? Nilimuuliza. Akanijibu, "Yote ni yangu," akaendelea kufagia.

Ndahani mguu wake haujawahi kukanyaga nyumba yangu tangu alipoondoka. Mimi huenda kwake, hula kwake, tunacheka, ananiita mwanangu. Nikimkaribisha mjini husema ng'ombe hawana mtu wa kuwaangalia. Juzi nilimpelekea habari ya safari yako. Akauliza gari linaondoka saa ngapi, nikamwambia alfajiri. Akasema, "Alfajiri ni mapema kwa mzee." Nikaelewa kwamba haji, wala sikumsihi.

Nimesikia kelele uani, ngoja.

Shangazi zako wamenyamaza wote, jambo ambalo halijatokea leo. Mama yako ananiita kwa sauti ambayo sijaisikia miaka mingi: "Baba Zaina! Baba Zaina, toka, baba amekuja!"

Nimechungulia dirishani. Yuko barabarani, peke yake, na ndama jike amefungwa kamba. Amesimama katikati ya barabara, na kama sikosei amesimama palepale lilipokuwa jiko lake. Anazitazama nyumba zangu, moja baada ya moja. Zote zinafanana, nilizijenga hivyo kwa makusudi, mstari mmoja, milango sawa. Namsikia anamuuliza mpangaji wa chumba cha jirani, kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjika, "Kwa Issa ni mlango upi?"

Mpangaji ni mgeni, amekuja majuzi. Anasema hajui.

Sitamaliza barua hii vizuri, Zaina, nisamehe. Nilitaka kukuandikia dua ndefu, Mungu anaijua, atakufikishia. Jibu la swali lako sijalipata. Ukilipata wewe huko uendako, niletee.

Naweka kalamu. Natoka nikamshike mkono.

Baba yako,
Issa